Kadi Iliyonenepeshwa Miaka Sita

Fundi Saa alikuwa na kadi ya bima ya afya ambayo kwa miaka sita haikuonja jua. Ilikaa ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo, kopo juu ya kabati. Mkewe alipoumwa jino, walilipa taslimu. Yeye mwenyewe alipobingirika ngazini, alilipa taslimu huku akichechemea.

"Iache inenepe," alikuwa akimwambia mkewe. "Tusipoidokoa, siku ya siku itanunua hospitali pamoja na mlinzi wake."

Siku ya siku ikafika. Mkewe, mshonaji, aliingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili yakawa ukungu mtupu. Daktari wa kupasua macho alikuwa akija hospitali yao mara moja tu kwa mwezi, siku ya Alhamisi, na saa nane mchana alikuwa ameshaondoka. Alhamisi yenyewe ndiyo hiyo.

Saa mbili asubuhi walikuwa kwenye foleni ya bima. Foleni gani ile! Watu waliingia na nywele nyeusi wakatoka na mvi. Fundi Saa alipofika dirishani, aliitoa kadi kwa vidole viwili, kama anayetoa yai.

"Kibali cha awali kiko wapi?" aliuliza karani, dada mwenye kalamu sikioni.

"Kibali cha nini tena, mwanangu? Kadi hiyo haijaguswa miaka sita. Imejaa!"

"Imejaa nini, mzee wangu?"

"Miaka sita yote! Jumlisha mwenyewe."

Karani aliishusha kalamu. "Bima si kibubu, baba. Kila mwaka una kikomo chake, yaani kiasi tunachoweza kukulipia mwaka huo. Usipokitumia, mwaka ukiisha nacho kimekwisha. Unaanza upya."

"Na jino? Na ngazi?"

"Vyote vingelipiwa."

Nyuma yake mtu alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi Saa alisogea karibu zaidi na dirisha.

"Haya, yaliyopita yamepita. Jicho je?"

"Jicho limo. Wewe utachangia sehemu ndogo, bima italipa iliyobaki. Ila bima lazima ikubali kabla ya kisu, si baada. Hicho ndicho kibali cha awali. Anayekiomba ni daktari. Nenda dirisha namba tano."

Namba tano ilimtuma namba mbili. Namba mbili ilimrudisha namba tano, na karani wa hapo alikuwa ameondoka kwenda kunywa chai, na chai hiyo lazima ilikuwa ya pipa zima. Saa sita na nusu ndipo muuguzi wa kitengo cha macho alipofungua jalada la mgonjwa. Ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu: ANALIPA TASLIMU.

"Mjinga gani kaandika hivi?" Fundi Saa alifoka.

"Mwezi uliopita mama alipokuja kupimwa, uliulizwa kama mna bima," alisema muuguzi. "Ukasema hamna."

Mkewe aligeuza uso kuelekea alikosimama mumewe. "Ulisema hatuna?"

"Ilikuwa kupimwa tu, mama watoto. Nilikuwa naitunza kwa ajili ya kisu."

"Ndiyo maana daktari hakuomba kibali," alisema muuguzi. "Tukiomba sasa, majibu ni siku mbili."

"Siku mbili! Mimi saa ya mtu naifungua na kuifunga kwa dakika kumi!"

"Basi njoo ufanye kazi bima, baba. Daktari atarudi mwezi ujao."

Na kulipa taslimu? Taslimu yenyewe ilikwisha kwenye jino na ngazi.

Mkewe alinyoosha mkono. "Lete kadi."

"Mke wangu..."

"Lete."

Aliitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu. "Binti yangu, futa hayo maneno mekundu. Andika nina bima. Na ombi hilo litume nikiwa nimesimama hapa hapa, nilisikie likiondoka."

Muuguzi aliandika, akatuma, akamsomea namba ya ombi mara mbili.

"Na leo kadi hii inalipia nini kingine?"

"Presha, sukari, meno..."

"Mpime huyu presha."

"Itapungua!" alilia Fundi Saa, akimaanisha kadi. Muuguzi alimfunga mkanda mkononi, akapampu, akatazama, akamwita mwenzake naye aje atazame.

"Mzee, mara ya mwisho ulipimwa lini?"

Fundi Saa aliutazama mkoba wa mkewe. Mlangoni daktari wa macho alikuwa anapita na begi lake, na mkewe aliusikiliza mlio wa viatu vile mpaka ulipoishia uani.