Vidole Vinne vya Ziada

Tik. Pasi ilijizima yenyewe, ikapumzika kidogo, kisha ikajiwasha tena: tik. Nje bado kulikuwa giza na nyumba nzima ilikuwa imelala, isipokuwa Fundi na pasi yake. Alikuwa ametandika blanketi juu ya meza ya kulia chakula, juu ya blanketi shuka jeupe, na juu ya shuka gauni la satini lenye rangi ya maziwa. Alilipitishia pasi polepole, ameweka kitambaa chepesi katikati ili satini isiungue.

"Mama, hilo gauni litachoka kabla halijavaliwa," binti yake alisema kutoka mlangoni, huku akipiga miayo. "Si ulilipiga pasi jana?"

"Jana nililipiga. Leo naliaga."

"Unaliagaje na unasafiri nalo?"

"Nenda kachemshe chai, mwanangu. Maneno yako bado yana usingizi."

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata mjukuu wake mdogo aliamini kwamba hilo ndilo jina alilopewa siku ya kuzaliwa. Alikuwa amekaa mbele ya cherehani tangu ujana wake, akishona mapazia, sare za shule na magauni ya watu wakubwa kwa wadogo. Asubuhi hiyo angepanda ndege, asafiri mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku, kwenda nchi ya mbali kuhudhuria harusi ya rafiki yake. Angekaa siku tatu tu, kwa sababu shule zilikaribia kufunguliwa na sare za nusu ya mtaa zilikuwa zimerundikana pembeni ya cherehani.

"Kwenda mwisho wa dunia kwa siku tatu!" binti yake alisema wakati wakinywa chai. "Ni kama kupika sufuria nzima ili ulambe mwiko."

"Nikiulamba mwiko nikashiba, wewe unaumia wapi?" Fundi akamjibu.

Rafiki huyo aliitwa Pumzi. Jina hilo alilipata katika karakana ya kushonea nguo ambako wote wawili walianza kazi wakiwa wasichana, Fundi kwenye cherehani na mwenzake kwenye vifungo. Kila alipopimwa kiuno, Pumzi alivuta hewa, akaingiza tumbo ndani na kulibana hivyo hivyo, macho yamemtoka, mpaka tepu iondolewe. Tepu ilisoma uongo mtupu. Fundi aliitikia kwa kichwa, na wakati wa kukata kitambaa akaongeza upana wa vidole vinne. Gauni lilimkaa Pumzi kama ngozi yake. Pumzi alijigeuza mbele ya kioo, akasema, "Unaona? Nilikwambia kiuno changu hakijabadilika." Fundi aliuma uzi kwa meno. Ilikuwa siri ya watu wawili, ila aliyeijua alikuwa mmoja.

Pumzi alipoolewa mara ya kwanza, mfuko haukuruhusu gauni. Alivaa la kuazima, pana la kumtosha yeye na mwenzake, limebanwa mgongoni kwa pini. Siku ile Fundi alimshika mikono akamwambia mbele ya watu, "Siku nyingine ukivaa nyeupe, gauni nitashona mimi."

"Shemeji!" bwana harusi akaruka. "Hata keki haijakatwa, tayari unaniombea kifo?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mume yule aliishi miaka mingi, tena vizuri, akafariki mzee. Baada ya hapo Pumzi alimfuata mwanawe ng'ambo kumsaidia kulea watoto. Kisha jioni moja, simu ikalia.

"Mkasi," Pumzi alisema, kwani yeye peke yake ndiye aliyemwita Fundi hivyo, "ile ahadi yako bado ipo?"

"Ahadi gani?"

"Ya gauni."

Fundi alikaa chini. "Pumzi wewe! Nani huyo?"

"Mwoka mikate wa mtaani kwetu. Mjane kama mimi. Usicheke."

Fundi alicheka mpaka akaiweka simu mapajani. Alipoichukua tena, alikuwa akifuta machozi. Pumzi akamtajia vipimo vyake, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya utulivu. Namba zilikuwa kubwa kuliko za zamani. Fundi akajisemea moyoni: kama uongo wenyewe umenenepa kiasi hiki, ukweli utakuwaje? Alipokata kitambaa, akaongeza vidole vyake vinne kama kawaida.

Kwenye ndege alilipakata gauni kama mtoto mchanga. Mhudumu mmoja, msichana mwenye sauti ya taratibu, aliinama akamuuliza ni nini hicho. Alipoambiwa, hakumwambia aliweke juu pamoja na mabegi. Alilipeleka mwenyewe kwenye kabati la mbele, akalitundika, na kila baada ya muda akaja kusema, "Bibi, nimelichungulia, halijambo." Fundi aliona kuna watu wamezaliwa na mikono ya kupokea. Walipofika, ofisa wa uhamiaji alitazama pasipoti, akamtazama na yeye.

"Siku tatu tu? Umekuja kufanya nini?"

"Kumvisha rafiki yangu."

Ofisa akagonga muhuri akitabasamu.

Pumzi alikuwa anamngoja nje, mvi zimesukwa vizuri, mikono imetanuliwa kabla Fundi hajamfikia. Walikumbatiana wakayumba, na watu wenye mabegi wakawazunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

"Umezeeka, Mkasi!"

"Na wewe umezeeka kwa raha. Hiyo mikate inakudekeza!"

Mchana, baada ya Fundi kuoga na kulala kidogo, walijifungia chumbani. Alikuwepo pia mkamwana wa Pumzi, mwanamke mpole aliyezoea kufanya mambo bila kuyatangaza. Harusi ilikuwa kesho yake asubuhi. Fundi alifungua mfuko, na gauni likashuka bila kunjo hata moja. Mkamwana aliziba mdomo kwa kiganja. Pumzi aliingia ndani yake, zipu ikapandishwa, akageukia kioo.

Mabega ya gauni yalikuwa yanateleza. Kiunoni kitambaa kilining'inia kama gunia lililomwagwa nusu. Pumzi alishika upande mmoja, akashika na upande wa pili, akavuta. Satini ilimjaa mikononi.

"Mkasi," alisema taratibu, "hili umenishonea mimi na nani?"

Fundi alisogea karibu, miguu yake imevimba kwa safari. "Ulinipa vipimo gani?"

"Vya kweli."

"Wewe? Vya kweli? Tangu lini?"

"Kwani siku zote nilikuwa nakupa vya uongo?"

Fundi alitazama tepu iliyokuwa shingoni mwake. Miaka yote ile alikuwa ameyameza maneno haya, na sasa hayakuwa na pa kupita isipokuwa mdomoni. "Ulikuwa unajibana tumbo, shoga yangu. Kila mara. Nikawa naongeza vidole vinne."

"Kila gauni?"

"Kila gauni."

"Kwa hiyo kiuno changu..."

"Kilibadilika. Tena si mara moja."

Pumzi alikaa kitandani, na gauni likamzunguka kama povu. Fundi alidhani amemkata maini. Mkamwana aliangalia dirishani, asije akaonekana anasikiliza. Kisha mabega ya Pumzi yakaanza kutikisika. Fundi alipoinama kumbembeleza, akakuta mwenzake anacheka bila sauti.

"Na mimi nilivyokuwa najigeuza kwenye kioo! Mchawi mkubwa wewe!" Alijifuta macho. "Sikiliza nikwambie. Safari hii alinipima yeye. Alikuja na kamba anayofungia maboksi ya mikate. Akaizungusha hapa kiunoni, na mimi nikajibana, kama unavyonijua. Akasema, 'Wewe maliza tu, mimi sina haraka.' Akasimama na kamba yake, ananingoja. Mkasi, mtu hawezi kujibana milele. Nikashusha. Ndipo akapima. Akasema, 'Hiki ndicho nilichokuwa nakisubiri.'"

Kitu kidogo kilimchoma Fundi, mfano wa wivu: yeye alimficha rafiki yake ukweli kwa upendo, na mtu mwingine akaja akamwondolea haja ya kufichwa. Lakini kilichoma mara moja tu. Alimtazama yule mwanamke aliyekaa katikati ya satini, tumbo lake limelegea kwa amani, akaona fahari inampanda kifuani. Pumzi wake huyu, aliyekuwa akiiogopa hata tepu!

Mkamwana alikohoa kidogo. "Mama zangu, msinielewe vibaya. Nilijihadhari tu, maana safari ni ndefu na mizigo hupotea." Alifungua kabati akatoa gauni jingine, la kukodi dukani, lenye shanga na lesi mpaka chini. Pumzi akalijaribu. Lilimkaa sawasawa.

Walisimama wote watatu, gauni moja mwilini na jingine kitandani. Pumzi alitazama miguu ya Fundi iliyojaa kwenye ndara. "Umechoka, mwenzangu. Humu ndani hakuna cherehani, na satini haitaki haraka. Nitavaa hili kesho. La kwako nitalivaa..." Akashindwa kumalizia, maana wote walijua gauni la harusi lina siku yake moja.

"Vua," Fundi alisema.

"Mkasi..."

"Sikupita juu ya mawingu yote yale kuja kukuona umevaa la kukodi. Hilo ni zuri, na aliyelileta ana moyo mzuri kuliko gauni lenyewe. Lakini vua. Simama hapa nikupime."

Pumzi alisimama. Fundi akazungusha tepu, akangoja, kwa mazoea ya miaka mingi, tumbo liingie ndani. Halikuingia. Pumzi alipumua kama mtu aliyekaa kibarazani kwake. Tepu ikasema kweli, na Fundi akaisoma mara mbili.

Kazi ikaanza. Alifumua kiuno, akafumua ubavu wa kulia na wa kushoto, akatoa bitana ya ndani, akapunguza, akapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, akaanza kushona kwa mkono, nukta kwa nukta, zikiwa ndogo kama mbegu za ufuta. Macho yake hayakutaka tena kuliona tundu la sindano. Kabla hajalalamika, mkamwana alikuwa amekaa kando yake, anatunga uzi sindano moja baada ya nyingine, anazichomeka kwenye mkono wa kochi ili Fundi achukue tu. Baadaye akaondoka, akarudi na beseni la maji ya vuguvugu, akapiga magoti, akaiingiza miguu ya Fundi ndani yake. Hakuombwa. Lile gauni la kukodi alilirudisha katika mfuko wa dukani, akalisukuma nyuma kabisa ya kabati, na wala hakulitaja tena.

Jua lilipoanza kupungua, mlango ulibishwa. Ikafuata sauti nene ya mwanamume.

"Shemeji, nimesikia kuna hitilafu. Kamba yangu imesema uongo?"

"Usiingie!" wanawake watatu walipiga kelele pamoja.

"Siingii. Nauliza tu."

"Kamba yako haina kosa, shemeji," Fundi akamjibu, sindano ikiwa mdomoni. "Tatizo ni ukweli. Kwa huyu wako hatukuuzoea."

Nje, kicheko kikapasuka. "Basi nimewaachia mikate mlangoni. Bado ina moto."

Walikula mikate ile mbali na satini, mikono imenyooshwa mbele kama watoto waliokatazwa kujichafua. Kabla giza halijaingia, Fundi alikata uzi wa mwisho. Gauni lilipanda mwilini mwa Pumzi bila kusukumwa, likashika pale panapostahili kushikwa na kuachia panapostahili kuachiwa. Pumzi alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Safari hii hakusema lolote kuhusu kiuno.

Asubuhi, ukumbi ulijaa. Fundi alikaa safu ya mbele, amevaa viatu vya raba vya mkamwana kwa sababu vyake vilikataa kumwingia. Pumzi alipoingia, akiwa ameshikwa mkono na mwanawe, minong'ono ilitembea safu hadi safu. Mwoka mikate alisimama mbele na suti iliyombana shingo, na uso wake ukawa kama wa mtu anayefungua tanuri na kukuta kila mkate umeumuka. Kila hatua ya Pumzi, satini ilimfuata bila kumkokota. Fundi aliutazama mshono wa ubavuni, ule wa kulia, alioushona miguu yake ikiwa kwenye maji. Haukuonekana. Alikaa wima mpaka mgongo wake ukasahau kuwa ni wa bibi.

Walipokwisha kufungishwa ndoa, mama mmoja aliyejaa dhahabu alimsogelea bibi harusi na kukipapasa kitambaa. "Hili umelinunua duka gani, mwenzangu? Ni ghali, naona."

"Duka!" Pumzi alisema kwa sauti ya kuwafikia hata wapishi. "Hili halina duka. Limeshonwa na yule pale, mwenye viatu vya raba. Simama, Mkasi! Simama wakuone!"

Fundi alitikisa kichwa, akapunga mkono kukataa. Mkamwana akamshika kiwiko, akamwinua taratibu. Ukumbi mzima ukageuka, ukampigia makofi. Hakujua mikono yake aiweke wapi, hivyo akaiacha ining'inie hadharani, na vidole vyake vilivyodungwa na sindano.

Siku ya kuondoka, wote watatu walimsindikiza uwanja wa ndege, mwoka mikate akisukuma begi na mkamwana akibeba mfuko wa mikate ya njiani. Mlangoni, Pumzi alimshika Fundi mikono yote miwili.

"Mkasi, tangu tujuane hujawahi kuja kwangu bila kazi mkononi. Ukinitembelea unapima, ukikaa unashona, hata ukinisikiliza unauma uzi."

"Na sasa kuna sare zinaningoja."

"Watoto wavae pazia wiki moja, hawatakufa." Alimvuta karibu, akaongea chini chini. "Uje tena, shoga yangu. Uje mikono mitupu, tukae tu, wewe na mimi. Utakuja?"