Kidole Gumba cha Edilio

Mpwa wangu Edilio Peguero alijifunza kurusha mpira wa besiboli kwa vifuniko vya galoni za maji, kama watoto wote wa makazi yetu ya kiwanda cha sukari. Mpira halisi ni ghali na hupotea ndani ya miwa. Kifuniko ni cha bure, na mpini wa ufagio hutosha kuwa gongo. Kifuniko kikirushwa kwa ukingo wake huenda kama ndege aliyelewa: huanzia kulia, hukata hewa, na huangukia mahali ambapo mpigaji hakukitazamia.

Mimi ndiye niliyekuwa mpinzani wake katika uwanja wa nyumba ya dada yangu Bienvenida, kwa kuwa baba wa mtoto alivuka kwenda Puerto Rico na kusahau njia ya kurudi. Sikumwachia kushinda. Mtoto anayeachiwa ushindi hujifunza kuomba, na kuomba hakumsaidii mtu yeyote anayesimama juu ya kilima cha mrushaji. Vifuniko vyake nilivipiga hadi nyuma ya banda la kuku, naye akaniuliza nilijuaje kila mara kwamba anataka kupindisha kifuniko. Nilicheka tu. Kabla ya kukipindisha kifuniko alikipangusa mchanga ukingoni kwa kidole gumba. Alipokusudia kukirusha moja kwa moja hakujisumbua. Ilikuwa wazi kama jua, lakini kwa macho yangu, si kwa yake.

Alipofikisha umri, klabu moja ya ughaibuni ilimsajili, ikampeleka katika ligi ndogo za huko. Alipanda ngazi moja, akakwama. Akapanda nyingine, akakwama tena. Alikuwa akimpigia mama yake simu kutoka miji ya baridi ambayo hakuna aliyeijua, akilalamikia mikate yenye nyama baridi na safari za basi zisizokwisha. Akimaliza kulalamika, kila mara aliomba nipewe simu, na neno lake la kwanza lilikuwa lile ambalo kila kijana wa kwetu aliyelelewa vyema humwambia mkubwa wake kabla ya salamu nyingine yoyote: "Baraka, mjomba." Nami nilimjibu, "Mungu akubariki." Ndipo mazungumzo yalipoanza.

Majira ya baridi yale alirudi kuchezea Pweza, timu ya pwani ya kusini. Vijana wa ligi ndogo hurudi nyumbani miezi hiyo ili wacheze mbele ya watu wao, na klabu kubwa hutuma watu wa kuwatazama. Ilikuwa imejulikana mji mzima kwamba Jumapili, Pweza watakapokuja kwetu, mjumbe wa klabu ya Edilio atakuwa jukwaani. Baada ya siku hiyo kijana angealikwa katika kambi ya timu kubwa, au angeshukuriwa na kuachwa. Umri wake haukuwa tena wa kusubiri.

Jambo moja tu lilikuwa baya: timu yetu ni Mapanga, na mimi nilikuwa kocha wa warushaji wa Mapanga.

Jumatano kabla ya mchezo huo, meneja wetu, Don Fausto Lantigua, alinituma mji mkuu kuwatazama Pweza wakicheza huko, kama ilivyo desturi ya kumpeleleza mpinzani. Tangu Edilio aondoke nilikuwa sijamwona akirusha katika mchezo halisi. Nilikaa nyuma ya wavu na kwa muda mrefu nilijivuna. Mpira wake wa kasi ulilia ndani ya glavu ya mdakaji. Mpira wake wa kuchepuka, ule aliouzaa kutoka kwenye vifuniko, uliwafanya wanaume wazima wapige upepo na kujikwaa.

Kisha niliiona glavu yake ikitetemeka.

Alikuwa ameficha mkono ndani yake, kama warushaji wote wanavyofanya ili mpigaji asione vidole vimeushikaje mpira. Lakini kabla ya kila mpira wa kuchepuka ngozi ya glavu ilicheza kidogo, mara mbili, na kabla ya mpira wa kasi ilitulia. Kidole gumba kilikuwa kinapangusa mchanga ambao haukuwapo. Walimu wa ughaibuni walikuwa wamemrekebisha mguu, bega na hata chakula cha asubuhi, wasiione ile glavu, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kula vumbi la mchezo wa vifuniko. Mpigaji akijua ni mpira upi unakuja, nusu ya kazi yake imekwisha.

Nilirudi nyumbani. Kumwambia Edilio kungekuwa wizi. Macho yangu siku ile yalikuwa ya Mapanga, na Mapanga ndio waliolipa safari yangu. Kunyamaza nako kulikuwa na jina lake. Katika shule ya bweni ya mapadri nilikolelewa, mkate ulipopotea jikoni, padri msimamizi hakuuliza nani ameiba. Alimuuliza kila mmoja wetu ameona nini. Aliyeona akanyamaza alichapwa pamoja na mwizi, na baadaye hakuna aliyemwamini hata aliposema kwamba mvua inanyesha. Wapo waliomchukia padri yule. Mimi si mmoja wao.

Jumapili asubuhi Bienvenida alikuja na maandazi ya ndizi yaliyofungwa kwenye majani, chakula cha Krismasi, ilhali Krismasi ilikuwa bado. Aliyaweka mezani, akakaa, akaniuliza habari za mgongo wangu. Nilijua hakuja kwa ajili ya mgongo.

"Kaka," akasema, "leo usiwe kocha sana."

Nilimjibu kwamba nitakuwa kocha kama ninavyolipwa kuwa.

"Ukocha utakwisha siku moja, watakuaga kwa saa ya ukutani. Ujomba hauishi. Fikiria hilo ukiwa unakula."

Akaondoka. Maandazi sikuyala.

Kikao cha makocha hufanyika katika chumba cha kubadilishia nguo kabla ya kila mchezo, na desturi yake ni moja: kila mtu husema alichokiona. Don Fausto aliwapitia wote, akafika kwangu mwisho. Ni mtu mfupi, mkali, lakini ana haki.

"Huyu kijana wa leo ni damu yako," akasema. "Ukitaka kutoka nje, toka. Sitakuuliza kitu, na hapa hakuna atakayekunung'unikia."

Mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kutoka, na hakuna ambaye angejua kama nilikuwa na la kusema. Ila mimi ningejua. Nilibaki kwenye kiti changu, nikawaeleza habari za glavu.

Quirino, mpigaji wetu mkongwe kuliko wote, alikuwa akifunga viatu, akainua kichwa.

"Don Cirilo, mimi mpwa wangu ningemwachia angalau raundi moja."

"Ndiyo maana wewe hukuitwa kwenye kikao, umekaa tu hapa kwa sababu ya viatu," nikamwambia, na wengine wakapata nafasi ya kucheka.

Mchezo ulianza saa kumi. Bienvenida alikuwa nyuma ya benchi la Pweza, amevaa kofia ya Pweza, jambo ambalo katika mji wetu linahitaji moyo. Mjumbe wa klabu alikaa safu ya mbele, mtu mwekundu mwenye miwani, kifaa cha kupimia kasi mkononi.

Katika raundi ya pili Mapanga walianza kuvuna. Mpira wa kuchepuka waliuacha upite wala hawakupepesa jicho. Ulipotulia mkono ndani ya glavu, walijiweka tayari kwa mpira wa kasi na kuupiga kama wanaopiga zulia. Quirino aliupeleka mmoja nje ya uzio, ukaangukia kwenye kibanda cha muuza machungwa. Ngoma zikalia jukwaani. Mtu mmoja mwenye sauti ya kipaza alimshauri Edilio arudi kukata miwa, mwingine akamjibu kwamba miwa nayo ina haki ya kukatwa na mtu anayejua kulenga. Tukawa na mbio nne, yaani pointi nne, wao hawana kitu. Mjumbe aliweka kifaa chake mfukoni na kuanza kutafuta kifuniko cha kalamu.

Kocha wa Pweza alipanda kilimani kumtoa. Edilio alimwomba jambo, nadhani aachwe amrushie mpigaji mmoja zaidi, na yule mzee akashuka peke yake.

Ndipo kijana alipolitazama benchi letu. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni, kifuniko chake kinapopotelea nyuma ya banda la kuku, naye akitaka kujua nilijuaje. Kisha akautoa mkono wake kwenye glavu, akautazama. Akakitazama kidole gumba chake kwa muda mrefu hivi kwamba mwamuzi alimkaripia.

Akarudi mahali pake. Glavu ikatetemeka mara mbili. Mpigaji wetu akausubiri mpira wa kuchepuka, na mpira wa kasi ukampita kifuani akiwa bado amesimama. Glavu ikatetemeka tena. Mpira wa kasi tena. Mara ya tatu glavu ilitulia kama jiwe, mpigaji akazungusha gongo kwa nguvu zake zote, na mpira ukachepuka ukimwacha amepiga goti.

Raundi ya tatu ilikuwa hivyo hivyo, na ya nne. Mara kidole kilisema kweli, mara kilidanganya, na hakuna aliyejua ni lini kingefanya kipi. Quirino aliporudi benchini baada ya kukosa mara tatu, alilaza gongo lake taratibu kama anayemlaza mgonjwa.

"Don Cirilo," akasema, "kidole chako kimeanza uongo."

Don Fausto alinisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama kijana ana ishara nyingine. Niliendelea kutazama: mabega, kisigino, mdomo, namna anavyovuta pumzi. Nilitazama kwa uaminifu ule ule niliotazama nao Jumatano. Nikamwambia hakuna. Alinikazia macho, akipima kama ni kocha anayesema au ni mjomba. Kisha akatema ganda la karanga.

"Kwa ulivyosema kule ndani," akasema, "hili nalo nitaliamini."

Tulishinda kwa mbio nne kwa mbili. Edilio alirusha hadi raundi ya saba bila Mapanga kupata mbio nyingine. Mjumbe alikuwa amekitoa tena kifaa chake mfukoni, na hakukirudisha.

Nilimkuta mpwa wangu kwenye lango la wachezaji, barafu imefungwa begani. Mama yake alisimama mbali kidogo, amenipa mgongo.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza. Hakuomba baraka.

"Tangu uwanjani kwa mama yako."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa mpinzani wangu. Nilidhani ukiacha vifuniko utaacha na hiyo tabia. Mpira hauna mchanga."

"Na Jumatano, nilipokuona nyuma ya wavu?"

"Jumatano nilikuwa nimetumwa."

Maji ya barafu yalimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Mama hatakuelewa kamwe," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nimekasirika. Niache kwanza."

Nikamwacha. Wiki ile ile alialikwa katika kambi ya timu kubwa, na watu walinipongeza barabarani kana kwamba nilikuwa nimepanga yote. Niliwakatalia. Sikupanga kitu, nilisema kweli nilipotakiwa kuisema, na kijana akajiokoa mwenyewe. Mambo hayo mawili yasichanganywe.

Bienvenida hakunisemesha. Kwaresima ilipofika alimpelekea kila jirani bakuli la maharage matamu, kama ilivyo desturi ya majira hayo, akaruka mlango wangu. Kambi ilipokwisha Edilio alirudishwa tena ligi ndogo, ngazi ya juu kabisa safari hii, na simu zake nilizisikia kupitia ukuta tu, kwa kuwa nyumba zetu zimepakana.

Mwezi Juni mrushaji mmoja wa timu kubwa aliumia kiwiko, Edilio akaitwa. Siku hiyo mtaa mzima ulihamia kwa Bienvenida. Televisheni ilitolewa barazani, viti vikaazimwa kanisani. Mimi nilisimama nje ya lango. Mtu haingii asikoalikwa, hata kama nyumba hiyo aliiezeka bati yeye mwenyewe.

Mchana, kabla ya mchezo, kijana alipiga simu kutoka huko. Nilisikia mama yake akimwombea, kisha simu ikazunguka kwa shangazi, kwa mama wa ubatizo, kwa jirani mzee. Halafu Bienvenida akaja hadi langoni, akaunyosha mkono juu ya mbao bila kunitazama usoni.

"Anakutaka wewe," akasema.

Nikaiweka simu sikioni.

"Baraka, mjomba."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Nilipomrudishia dada yangu simu, hakuondoka. Alilifungua lango kwa mguu, kwa kuwa mkono wake mwingine ulikuwa na sahani.

"Ingia. Lakini leo ukifungua mdomo kuhusu mkono wa mwanangu mbele ya watu, nakutoa mwenyewe."

Nikaketi kando yake. Edilio alipopanda kilimani, uwanja wa huko ulikuwa mkubwa hata akaonekana mdogo kama zamani. Kamera ilimsogelea. Glavu ilikuwa mbele ya kifua chake, nayo ikatetemeka mara mbili.

Bienvenida akaniinamia.

"Kaka, unakuja upi?"

Niliikazia macho ile glavu, kama nilivyokuwa nikimtazama kijana yule tangu utoto wake.

"Sijui, dada," nikamwambia.

Akanisogezea sahani.