Koti Alilokatazwa Dobi

Mdogo wangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Pasi kwa sababu hata soksi anazinyoosha kwa pasi. Nguo zote za nyumbani kwake zimepita mikononi mwake, kuanzia mashuka mpaka kitambaa cha kufutia meza, na kila moja ina uzi mwekundu ndani ya kola au kwenye pindo: mishono mitatu mifupi, alama yake ya kazi, nguo za kwake zisije zikachanganyika na za wateja. Uzi anautia kabla hata ya kuteka maji. Mkono wenyewe unakwenda, yeye akiwa anawaza mengine.

Nguo moja tu ilikuwa haina uzi, nayo ni koti la ngozi la mke wake.

Wifi yangu anapeleka dawa kwenye zahanati za mbali kwa pikipiki. Watu wanamwita Rubani, na hajawahi kulikataa jina. Koti lake ni jeusi, zito, lina zipu nne, na ndilo alilovaa siku alipoteleza kwenye kokoto miaka miwili iliyopita. Barabara ikala ngozi ya ng'ombe, yake ikaiacha. Kwenye kiwiko cha kushoto umebaki mchubuko mpana kama kiganja, na tangu siku ile bila koti hapandi pikipiki, hata kwenda dukani tu. Alimwambia mumewe mbele yangu kwamba afue chochote anachotaka, hata mapazia ya jirani, ila koti hili asiliguse. Pasi alicheka. Lakini mimi niliyembeba mgongoni namjua, lilimchoma. Dobi kuambiwa nguo usiguse ni sawa na mpishi kufungiwa jiko.

Naye ana lake la kukataa. Miaka sita ya ndoa, nyuma ya pikipiki ya mkewe hajapanda hata mara moja. Anasema miguu yake bado mizima.

Basi Jumatatu moja wifi akaenda kwa basi kwenye mafunzo ya kazini ya siku tano. Huko wangepewa mavazi ya kuendeshea, kwa hiyo koti akaliacha kwenye msumari, limejaa matope ya mvua ya wiki nzima. Alisema atalifuta mwenyewe akirudi Ijumaa, maana Jumamosi asubuhi anaanza njia mpya, ndefu kuliko ya kwanza.

Jumanne, chumba changu cha mbele kilikuwa kimejaa kama kawaida. Mimi ni fundi wa ngozi. Nashona viti vya pikipiki, mikanda na mifuko, na nasafisha makoti ya waendesha pikipiki. Ni kazi ya mikono tu, midomo inabaki huru, na watu wanalijua hilo, ndiyo maana viti vyangu havipoi. Mama yetu alikuwa dirishani na msusi wa chumba cha pili alikuwa anatusimulia ndoa ya watu, amefika patamu, ndipo Pasi akaingia amebeba kitu kilichofunikwa shuka, kama mtu anayemkimbiza mgonjwa. Akasimama akimwangalia msusi. Msusi akaelewa kabisa, akajiweka vizuri zaidi kwenye kiti.

Ikabidi nimwambie kuna mteja anamwulizia huko kwake. Alipotoka, Pasi akafunua shuka. Koti likasimama lenyewe juu ya meza, mikono imepanuka, kama mtu aliyekuja na malalamiko.

Alikuwa ametaka kumfurahisha mkewe. Akaliloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, akalisugua kwa brashi, akalikamua mpaka tone la mwisho, akalianika jua la saa saba. Halafu, kwa kuwa ni Pasi, akaona amalizie na pasi. Ncha ya mkono wa kulia ilipojikunja kama jani ndipo akashtuka.

Mama aliinuka, akaligonga koti mgongoni kwa kifundo cha kidole. Likaitika kama mlango.

"Karibu," akasema Mama, akarudi kukaa.

Pasi hakucheka. Alikuwa amejiachia sakafuni, mgongo ukutani.

"Dada, mimi nilijua ngozi nayo ni nguo."

"Uso wako ungeuosha kwa sabuni ya unga ukauanika juani?"

"Ameniomba kitu kimoja tu," akasema. "Miaka yote hii, kimoja. Akilikuta hivi, kesho atanikabidhi nini?"

Nikaacha mzaha. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki, lakini ngozi si maji, ngozi ina huruma yake ukiiendea taratibu. Ndipo akaniapisha. Nisimwambie mtu, hasa msusi, hasa wifi. Kuniomba mimi ninyamaze ni kumwomba jogoo awike kwa ishara, ila niliapa, Mama akiwa shahidi na akitikisa kichwa.

Kazi ikaanza hapohapo. Kwanza sabuni yake itoke, maana ilikuwa imejificha kwenye mishono na ukiipangusa tu inatoa povu. Nikachukua kitambaa cha pamba, nikakilowesha, nikakikamua mpaka kikawa na unyevu tu, nikafuta kipande kwa kipande, nikisuuza kila mara, mpaka maji ya karai yakabaki meupe. Kwenye zipu nikatumia mswaki wa zamani. Nikamweka Pasi anishikie mikono ya koti, nikamfundisha kwamba ngozi haikamuliwi. Alikuwa ananitazama kwa wivu wa kazi, kama mganga aliyelazwa kwa mganga mwenzake.

Tukalijaza magazeti kifuani na mikononi ili likauke na umbo la mtu, tukalitundika kivulini kwenye kitundikio kipana. Jua hapana, moto hapana. Jumatano asubuhi nikaleta mafuta yangu, mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta ya wanyama ninaouyeyusha mwenyewe kwenye kopo. Nikajaribu kwanza upande wa ndani wa kola, mahali pasipoonekana, kuona kama rangi itabadilika. Haikubadilika. Nikapaka kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, maana joto la mkono ndilo linaloyasukuma ndani. Ukimimina mengi, ngozi inalewa na kesho inanasa kila vumbi lipitalo. Mpako mmoja wa mafuta, koti likae, likandwe kama unga, lifutwe, mpako wa pili. Ile ncha iliyojikunja niliishughulikia peke yake mpaka ikanyooka, ingawa mkunjo mdogo ulikataa kuondoka. Mchubuko wa kiwiko sikuutia rangi. Pasi alitaka niufiche ili koti lionekane jipya. Nikamwambia ule si uchafu, ule ni mwili wa mkewe uliobaki mzima.

Jioni hiyo koti lilikunjika bila kulalamika, ila lilikuwa limerudi ndani upana wa kidole, na viwiko vilikuwa vikaidi. Hapo mafuta hayasaidii. Linataka mwili wenye joto ndani yake, likumbushwe. Mimi kwa mwili wangu ningelipasua, na Mama alisema yeye si mtu wa pikipiki. Pasi ni mwembamba kama mkewe. Kwa hiyo Alhamisi nzima mdogo wangu alipiga pasi mashati ya watu, pembeni ya jiko la makaa, amevaa koti la ngozi lililofungwa zipu mpaka shingoni.

Unaweza kufikiria. Mteja wa kwanza alidhani ana homa. Wa pili akasema amechanganyikiwa kwa sababu mke hayupo. Kufikia saa sita msusi akawa ameshapata lililo tamu zaidi, kwamba Pasi anajifunza pikipiki kwa siri. Akaja kwangu mbio kuhakikisha. Nilikuwa nimejaza mdomo sindano makusudi ili nisiseme. Akasubiri. Ulimi hauna mfupa. Nikatoa sindano, nikasema neno moja tu, huenda.

Hilo ndilo kosa langu, nalikubali.

Ijumaa alasiri wifi akateremkia kwangu moja kwa moja ili amsalimu Mama. Akamwamkia, akanikumbatia, na nikaona kwapani ana helmeti mbili. Moja yake, iliyochubuka. Nyingine ya bluu, bado ina karatasi. Alikuwa anang'aa kama bibi harusi. Akasema msusi kampigia simu, kamwambia yote, kwamba mume wake anashinda na koti lake mwilini akijizoeza. Miaka sita alikuwa anangoja, hajawahi kumlazimisha, na sasa mwenyewe amekubali.

Pasi alikuwa amesimama karibu na meza, na koti juu ya meza limelala, laini, linapendeza. Alichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa. Mimi nilimkanyaga kidogo mguuni kumwambia aitikie. Mama akakohoa.

"Nililifua," akasema Pasi.

Wifi hakuelewa.

"Koti. Nililifua kwa sabuni ya unga nikalianika juani, likawa ubao. Dada ndiye aliyeliokoa. Nilikuwa nalivaa ili lilainike. Pikipiki sijaigusa."

Wifi akaweka helmeti zote mbili chini. Akalichukua koti, akalinusa, akalivaa, akafunga zipu. Akakaa juu ya benchi langu kama amepanda pikipiki, akanyoosha mikono mbele, akakata kona kushoto, akakata kona kulia. Akapapasa kiwiko, akaukuta mchubuko wake.

"Linabana kwapani," akasema.

Nikamwambia siku tatu za barabara litaachia. Akaona ile ncha yenye mkunjo, akamtazama mumewe, mumewe akatazama sakafu. Kisha akalivua ili alikunje, na hapo ndipo alipoona, chini ya kitanzi cha kutundikia, mishono mitatu ya uzi mwekundu. Mimi nimelipapasa koti lile siku tatu na sikuuona.

"Na hili?"

"Mkono umezoea," akasema Pasi. "Nitaufumua sasa hivi." Na kweli akaanza kutafuta mkasi wangu mezani.

"Uache." Wifi alipitisha kidole juu ya uzi. "Kila nguo yangu inao. Nikiwa huko mbali nikivua sweta, nauona, najua kwetu ni wapi. Hili tu ndilo nililokunyima." Akamrushia helmeti ya bluu, naye akaidaka kwa kifua. "Lakini mimi nimeshaambiwa unajizoeza, na siwezi kumfanya msusi wa watu mwongo."

Jumamosi asubuhi, kabla hajashika njia yake mpya, wifi alimpakia mumewe kwa mzunguko mmoja, mpaka njia panda na kurudi. Pasi alipanda na suruali iliyonyooshwa mpaka mstari unakata, macho amefumba, mikono imeng'ang'ania lile koti kiunoni. Waliporudi aliteremka taratibu. Suruali ilikuwa imekunjamana kila mahali, mbele na nyuma. Akajitazama, akaipangusa mara moja kwa kiganja, akaingia kwangu akaagiza chai.

Kiapo kilikuwa kimeisha. Nikamvutia msusi kiti.