Hakufika

Dada yangu yuko kwenye kiti cha magurudumu tangu ajali iliyomuua mumewe. Shemeji yake, kaka wa marehemu, alimchukua binti yao kwa muda tu, alisema, mpaka mama apate nguvu. Nguvu zilirudi, mtoto hakurudi. Ndiyo maana tulikwenda mahakamani.

Sheria mpya inataka kila mlemavu aweze kuingia kwenye jengo la umma. Basi wakajenga mteremko mlangoni, wakakata utepe, wakapiga picha. Kesi zinasikilizwa ghorofani. Lifti ipo: ndimo yanamokaa mafagio.

"Sasa atapandaje?" nilimuuliza karani.

"Mama, sheria inasema kuingia. Si ameingia?"

Mkono uliniwasha kumzaba kofi. Askari wawili wakajitolea kumbeba, dada akakataa katakata. Mara ya kwanza tulipokuja alibebwa hadi juu, sketi ikampanda mapajani, kisha wakili wa shemeji akasimama: "Mheshimiwa, mama anayebebwa atambebaje mtoto?" Watu wakacheka. Tangu hapo aliapa habebwi tena.

"Nenda uwaambie nipo," alinituma. "Wanisikilize hapa chini."

Nilipanda mbio. Nikakuta jina lake linaitwa.

"Yupo, mheshimiwa! Yupo hapo chini, kwenye ngazi!"

"Wewe ndiye mleta maombi?" hakimu aliuliza.

"Mimi ni mdogo wake, lakini..."

"Basi kaa." Aliandika huku akisoma: "Mleta maombi hakufika. Shauri limefutwa. Mtoto abaki aliko."

Hakufika! Mtu aliyefika kabla hata ya hakimu mwenyewe! Nilipayuka mpaka nikatolewa nje.

Aliye juu mngoje chini, husema watu. Dada alingoja, na kweli walishuka, shemeji amemshika mtoto mkono. Mtoto alijichomoa, akaja kusimama mbele ya kiti, mikono nyuma, kama mgeni.

"Mama, wamekuita. Mbona hukuja?"

Shemeji alimvuta mtoto wakaondoka. Nilichutama nimshike dada mabega, akanisukuma, akawageukia wale askari.

"Nibebeni," alisema. "Nipandisheni sasa hivi. Nibebeni tu."

Askari walitazamana. Juu walikuwa wameshaanza kuita jina la mtu mwingine.