Menza Mbele ya Kwaya

Watu wa Majengo walikuwa wakisema mume wangu Menza hajui kutembea, anajua kucheza tu. Hiyo ni kabla hajaanguka kutoka juu ya lori la mchele kule Kilindini akavunjika paja. Kila Pasaka yeye ndiye aliyetangulia kwaya yetu ikiingia kwa mstari, kutoka mlangoni hadi madhabahuni, na akina mama wa nyuma walipanda juu ya viti wamwone. Nami nilijidai. Kwa nini nisijidai?

Baada ya kuanguka akawa mtu wa kitanda, kisha wa magongo, kisha wa kuchechemea. Kazi ikaenda. Marafiki nao wakaenda, wakarudi wachache. Kanisani alijikokota kila Jumapili, nami nikimsukuma kwa maneno, maana maneno ninayo. Asubuhi moja alibaki kitandani, viatu mkononi, akasema amechoka kumwimbia Mungu aliyemwacha chini kama gunia lililopasuka. Nililia. Kisha nikapandwa na hasira, nikamvisha viatu kwa nguvu, na kwa hasira zile cha kulia kikaingia kushoto. Tulienda hivyo hivyo.

Alilotaka lilikuwa moja: aingie tena mbele za Mungu akicheza. Akaanza mazoezi uani. Mwenye nyumba wetu, Bi Mwanakuu, ambaye ni Mwislamu wa tangu na tangu, alimpigia sinia kama ngoma na kumkemea kwamba kiuno chake kinachelewa. Siku Menza alipoanguka pale uani akajizongazonga na kamba ya nguo, akasema sasa basi. Bi Mwanakuu akaweka sinia chini.

"Usiwate sasa, mwanangu," alimwambia. "Ukiwata, paja litapoa na moyo usalie umevunjika."

Basi hakuacha. Aliyesita ni Griffins, mwalimu wa kwaya. Mwalimu huyu ana sheria moja, ameitwanga vichwani mwetu mpaka tunaiota: macho kwenye miguu ya aliye mbele, afanyavyo nawe ufanye, na asiyefuata atakwenda nyuma kuimba na watoto. Alimwomba Menza, kwa upole, akae kwenye benchi apige kayamba. Lakini asubuhi ya Pasaka, ngoma zilipolia, Menza alikuja na sare yake akasimama mbele ya mstari. Wimbo ulikuwa umeshaanza, na hapakuwa na nafasi ya kubishana.

Hatua ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda, ya tatu mguu mbovu ukaburuzika na bega likazama. Griffins, aliyekuwa wa pili, akatii sheria yake mwenyewe: akaburuza mguu, akazamisha bega. Wa tatu akafuata, na wa nne. Mimi nilikuwa wa tano, na nilichechemea kuwashinda wote, kwani ni nani anayeijua hatua ile kama mimi? Punde kwaya nzima ilikuwa inachechemea. Waumini wakadhani ni mtindo mpya, mzee wa kanisa akatoka kitini akiburuza mguu, na akina mama wakajazana njiani nyuma yetu, mabega yakizama na kuibuka. Kicheko kilinibana mpaka sauti ikanipotea.

Katikati ya kanisa Menza akageuka nyuma. Akayaona mabega. Akasimama, na mstari mzima ukasimama pamoja naye, na uso wake ukanyauka. Nilijua anachofikiri. Nikaacha kucheka, nikaogopa kwamba mwaka wote ule wa taabu unaishia pale.

"Mwanicheka, mwalimu?" aliuliza.

Griffins alikuwa akitiririka jasho, bega lake bado limezama.

"Twakufuata, ndugu yangu," alisema. "Nenda, wimbo unatuacha."

Menza alimtazama, akatutazama sote, akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akaigeukia madhabahu, akauburuza mguu wake, na kanisa zima likauburuza pamoja naye.