Kola Tisini

Kiwandani walimwita Cherehani, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Hakuna aliyeshona kola za mashati kwa kasi yake. Dada yake mwenye bega bovu, aliyekaa mashine ya jirani, ndiye aliyemfundisha kazi.

Serikali ilipotangaza kima cha chini cha mshahara, watu walipiga vigelegele. Meneja wala hakununa.

"Mimi sina ubishi na serikali," alisema. "Ila ijulikane kwanza mtu afanye kazi kiasi gani ndiyo alipwe hizo pesa."

Ofisa wa kazi akakubali kuja na saa yake, ampime mshonaji mmoja kutwa nzima. Meneja akamchagua Cherehani, akammwagia sifa mpaka kichwa kikamvimba.

Asubuhi ya kipimo dada yake alimvuta pembeni.

"Mdogo wangu, leo shona polepole. Shona kama mimi."

"Dada, nijiaibishe mbele ya wageni?"

"Nakuomba."

Cherehani alicheka. Alidhani ni kijicho tu, dada mtu kaona kapitwa.

Siku hiyo alishona kama anayefukuzwa. Hakula, hakwenda chooni. Wenzake walimkata jicho, naye akazidi kukanyaga. Jioni ofisa akahesabu kola tisini, na meneja akampa mkono mbele ya kila mtu. Cherehani, mjinga yule, alitabasamu.

Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa mlangoni, lina mhuri na sahihi: kima cha chini ni cha anayefikisha kola tisini kwa siku. Asiyefikisha siku tatu mfululizo, hana kazi. Sheria imefuatwa, nani afungue mdomo?

Siku ya kwanza dada alifikisha sitini na mbili. Ya pili, hamsini na tisa. Ya tatu, kengele ikikaribia, Cherehani alichota kola zake thelathini, akazisukumia kwenye rundo la dada yake.

Dada alizirudisha zote.

"Zako umezihesabu?"

Alikuwa hajazihesabu. Zilikuwa themanini na tatu. Siku hizi alikuwa akila mchana kama binadamu.

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe," dada alisema, akifunga mkasi wake kwenye kitambaa. "Lakini si leo."

Kesho yake mashine ya jirani ilikuwa tupu. Kufika saa nne Cherehani alikuwa amebanwa na mkojo. Akaitazama saa ya ukutani, akavuta kola nyingine.