Ndege mu telefone ya Ruphin

Asubuhi ile Ruphin alipanda ku mulima kutafuta rezo ya telefone, akapata ndege. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta mu sahani, na kule chini, upande wa kusini, kulikuwa kitu kidogo cheusi juu ya maji. Akainua telefone yake ya kioo kilichopasuka, akavuta karibu mpaka mwisho, akapiga. Foto ikatoka chafu: maji, ukungu, na alama moja yenye shingo.

Siku zile alikuwa anapiga foto kila kitu cheusi ku ziwa. Yaya yake, kaka yake mukubwa Dieumerci, alizama na boti ya Papa Gauthier, ile ya kubeba watu na sementi kwenda Moba. Maiti haikuonekana. Papa Gauthier alisema boti ilifia mbali, kwenye maji hayana chini, na ni mupepo njo uliipindua. Mupepo haushitakiwe.

Bila maiti, kilio hakikuondolewa. Mama yao, Mama Kapinga, alikuwa bado analala inje ku mukeka, na samaki hakugusa.

"Sijue yupi alionja mutoto wangu," alisema, akala bugali na majani ya sombe.

Wajomba walitaka kuzika mugomba pahali pa maiti, vile wanafanyaka kwa mutu wa kupotea mu maji. Mama aliwafukuza. "Muzike mugomba wenu. Mie nilizaa muntu."

Ruphin akapeleka foto ku bandari. Wavuvi wakapitishana telefone.

"Ni munandi," alisema Mama Bertille, muuza ndakala, wale samaki wadogo. "Angalia shingo."

"Mama Bertille, wewe hata kuku unamuitaka munandi!"

"Cheka tu. Munandi akiisha kuzamia, mabawa yake inalowana. Anatafuta pahali pa kusimama aikaushe."

Kicheko kikaisha. Upande ule hakuna jiwe, kila muvuvi anajua. Kama ndege amesimama, kuna kitu chini ya miguu yake.

Papa Gauthier alikuja, akaangalia foto kidogo tu. "Huyo ni mwari. Mwari anaelea mwenyewe. Muache kutesa mama wa watu."

"Papa, mwari mweusi ulimuona wapi?" Ruphin aliuliza.

"Ni kivuli. Masomo uliacha katikati, leo uko profesa wa ndege?"

"Niliacha masomo, Papa. Macho sikuacha."

Alirudi nyumbani na hasira. Njiani telefone ikaanza kutoa maji. Akaipangusa na shati, ikatoa tena, na shati likanuka ziwa.

"Ndege wako amelowana," Mama Kapinga alisema. "Muanike."

Akaiweka juu ya bati, pembeni ya mihogo. Jua lilipokolea, ndege mu foto akafungua bawa moja, halafu la pili, akasimama vile, mabawa wazi. Ukungu wa foto ukakauka naye. Chini ya miguu yake kukaonekana ubao wa bluu, na nusu ya jina la boti.

"Ni munandi," alisema Mama.

"Ni munandi," alisema Ruphin, akaenda kutafuta mutumbwi.

Wavuvi walipiga kasia, Ruphin mbele na telefone. Pale ndege alipogeuzia mudomo, njo pale waligeuzia mutumbwi. Hawakwenda mbali. Walipofika bado waliona nguo zilizoanikwa ku mulima. Boti ilikaa juu ya fungu la muchanga, ncha yake inje kidogo. Hakuna aliyetafuta pale, maana waliambiwa mbali. Sementi iliganda ikawa jiwe moja, kutoka chini mpaka ku mudomo wa boti. Nafasi ya watu ilikuwa juu ya mifuko tu. Dieumerci alilala pembeni, sura nzima, kama muntu aliyerudi kazini amechoka. Wengine pia walikuwapo, na kila mumoja akapelekwa kwao.

Ku biro ya serikali walimuuliza Papa Gauthier. Akajibu mupepo, wakaandika mupepo.

Siku ya maziko alileta mbao za sanduku. Mama Kapinga akapokea na mikono miwili, akapiga goti.

"Mama! Huyu njo alisema mwari!"

"Ninashukuru mbao, Ruphin. Mbao haikusema kitu."

Kilio kikaondolewa. Mama akaingiza mukeka ndani, akanyolewa, akaomba samaki. Mama Bertille alileta ndakala, akakatala kulipwa. Mama alikula polepole, akilamba vidole, na machozi yalishuka bila kumusumbua.

Toka siku ile, kila asubuhi anaweka ndakala moja juu ya telefone ya Ruphin, pale ku bati. "Aksanti, baba," anamuambia ndege. Akirudi kugeuza mihogo, samaki amekwisha, na kioo kiko na matone.

Juzi boti mupya ya Papa Gauthier ilipiga honi ku bandari. Ruphin akasimama ku mulango kuangalia. Sementi ilifika ku mudomo wa boti, na watu walikuwa wanapanda juu yake na watoto na magodoro, wanacheka, maji yanakaribia kulamba ubao.

"Mama, imejaa tena."

Mama Kapinga alisikiliza honi ya pili. Akachukua ndakala ingine mu kikapu, akaiweka juu ya telefone, pembeni ya ile ya kwanza.

"Akule vizuri," alisema. "Kazi yake haijaisha."